Uzi: Vita ya siku 74 ya visiwa vya Falkland, na jinsi Ajentina ilivyoponzwa na haraka

Mzee wa Ramani

Wakuu salaam.

Juzi kwenye ule mjadala wa manowari kuna ndugu kaandika kwamba Falkland "Mwingereza alishinda kwa sababu ni Mwingereza, basi". Nikaanza kumjibu palepale, jibu likawa refu kuliko mada yenyewe, nikaona nifungue uzi. Wenye chai wasogeze kikombe.

Nianze na nilivyoifahamu vita hii. Mwaka 1982 nilikuwa darasa la tano, Tanga. Mzee wangu alikuwa baharia mstaafu, na pale nyumbani taarifa ya habari ya redio ikianza hata kuku hawaruhusiwi kulia. Alikuwa na ramani ya dunia imebandikwa ukutani kwa gundi ya unga wa ngano, mende wameitafuna pembe zote. Usiku ule alipokuwa akivitafuta visiwa vyenyewe alitumia kibatari, akashuka na kidole kutoka Brazil, akapita Ajentina, akafika chini kabisa karibu na pale mende walipokula. "Hivi hapa," akasema, "wanagombania maandazi mawili."

Maandazi yenyewe ni visiwa viwili vikubwa, cha mashariki na cha magharibi, na vidogo mamia. Kutoka pwani ya Ajentina ni kama kilomita 500. Kutoka Uingereza ni karibu kilomita 13,000. Wakati ule vilikuwa na watu kama 1,800 na kondoo zaidi ya nusu milioni. Mti wa asili hakuna hata mmoja. Upepo haupumziki.

Madai ya nani mwenyewe ni marefu, nitayapitisha haraka. Wafaransa walifika 1764 wakaviita Malouines kwa kumbukumbu ya bandari yao ya Saint-Malo, ndiyo hiyo Kihispania ikawa Malvinas. Waingereza wakaweka kambi yao upande mwingine muda mfupi baadaye. Mhispania akachukua nafasi ya Mfaransa. Ajentina ilipopata uhuru ikasema imerithi cha Mhispania. Januari 1833 manowari ya Uingereza ikaja, ikateremsha bendera ya Ajentina, ikawaondoa askari wake. Tangu hapo kila mtoto wa Ajentina anakua akifundishwa kwamba Malvinas ni zao. Mwaka 1965 Umoja wa Mataifa uliwaambia wote wawili wakae mezani kwa azimio namba 2065. Wakakaa miaka 17 bila kuinuka na kitu.

Sasa hoja yangu, wanaotaka kuipinga waipinge: Ajentina ilikuwa na silaha moja ambayo Uingereza haikuwa na dawa yake, nayo ni kusubiri. Ikaitupa.

---

Kisiki cha Mpingo

Nimekaa mkao wa kula. Shusha mkuu.

---

Mzee wa Ramani

Tazama hali ya Uingereza mwanzoni mwa 1982. Serikali ya Margaret Thatcher inabana matumizi, na waziri wa ulinzi John Nott ameshatoa mpango wa kupunguza jeshi la majini. Endurance, meli pekee ya kijeshi iliyokuwa ikizunguka maji yale ya kusini, imepangwa kuondolewa. Meli za kubeba ndege ziko mbili za kutegemewa. Hermes ni kuukuu, inasubiri kustaafishwa. Invincible ni mpya, lakini Februari 1982 imeshakubaliwa iuzwe Australia. Zaidi ya hapo, sheria mpya ya uraia ya 1981 iliwaacha wakazi wengi wa visiwa bila uraia kamili wa Uingereza. Ungekuwa wewe ni jenerali wa Buenos Aires ungeona nini? Mwenye nyumba anahama taratibu, vyombo anauza.

Upande wa pili, Ajentina imeagiza Ufaransa ndege 14 aina ya Super Étendard na makombora ya Exocet ya kupigia meli. Vita inaanza, zimefika ndege 5 na makombora 5 ya kurushwa kutoka angani. Matano tu. Hata hayo matano yaliutetemesha ufalme mzima.

Halafu majira. Kule chini ya dunia baridi kali ni Juni, Julai, Agosti. Ukivamia Septemba au Oktoba, Mwingereza anakuta meli moja imeuzwa, nyingine inakatwakatwa, na kombora zako zimeshafika. Na mpango wa awali wa majenerali ulikuwa kweli wa baadaye mwaka ule.

Kwa nini basi wakaenda Aprili? Kwa sababu nyumbani kulikuwa kunawaka. Utawala wa kijeshi ulikuwa umeua na kupoteza maelfu ya raia wake tangu 1976, uchumi umelala, bei zinapanda. Tarehe 30 Machi 1982 vyama vya wafanyakazi vikaingia barabarani Buenos Aires, polisi wakapiga na kukamata. Siku tatu baadaye uwanja uleule wa Plaza de Mayo ulijaa watu wakishangilia na bendera. Jenerali Leopoldo Galtieri, mkuu wa utawala huo, akatoka kwenye roshani ya ikulu kupunga mkono. Wengine walikuwa bado na alama za virungu mgongoni.

Kisingizio walikipata kwa wauza chuma chakavu, msicheke. Mfanyabiashara mmoja wa Ajentina alikuwa na mkataba wa kubomoa vituo vya zamani vya kuvulia nyangumi kisiwa cha South Georgia, nacho kilikuwa chini ya Uingereza. Vibarua wake waliteremka 19 Machi, wakapandisha bendera ya Ajentina. Mwingereza akalalamika, kelele zikapanda pande zote, na majenerali wakahofu kwamba London itatuma nyambizi kabla wao hawajajipanga. Basi 2 Aprili wakavamia Stanley, mji mkuu wa visiwa. Askari wa majini wa Uingereza walikuwa wachache mno, gavana Rex Hunt akasalimu amri siku hiyohiyo.

---

Dada wa Kampala

Mzee shikamoo. Umesahau kura ya Umoja wa Mataifa, na huko ndiko sisi tulimo.

---

Mzee wa Ramani

Marahaba dada, sijasahau, nilikuwa naisogeza.

Tarehe 3 Aprili Baraza la Usalama likapiga kura ya azimio namba 502, la kuitaka Ajentina iondoe majeshi. Mwenyekiti wa Baraza mwezi ule alikuwa nani? Zaire, kupitia balozi wake aliyeitwa Kamanda wa Kamanda. Na Uganda ilikuwa na kiti. Waliounga mkono 10, wakiwemo Uganda, Zaire na Togo. Aliyepinga mmoja, Panama. Waliojizuia wanne: China, Umoja wa Kisovieti, Poland na Hispania. Azimio linahitaji kura 9. Wangejizuia wawili tu kati ya wale kumi, Mwingereza angesafiri bila karatasi mkononi. Thatcher mwenyewe alimpigia simu Mfalme Hussein kuihakikisha kura ya Jordan.

Majenerali walidhani nchi zilizotoka ukoloni zitaliona hili kama suala la mkoloni kunyang'anywa. Hawakufikiria kwamba nchi ndogo zenye majirani wakubwa huogopa zaidi mtu anayechukua ardhi kwa bunduki halafu ndipo aite mkutano. Na Uganda ya 1982 ilikuwa miaka mitatu tu tangu Amin aangushwe, baada ya yeye naye kuvuka mpaka na kutangaza Kagera ni yake. Sisemi ndiyo sababu waliyoitoa pale New York. Nasema ilikuwa bado mbichi.

---

Mchambuzi Huru

Mkuu unampamba sana Mwingereza. Ni mkoloni aliyekwenda kulinda wazungu wenzake 1,800. Kwa Wachagos alifanya nini? Aliwabeba kama mizigo.

---

Mzee wa Ramani

Hapo sikupingi, na nakuongezea. Wakazi wa Chagos, huku kwetu kwenye Bahari ya Hindi, waliondolewa kati ya 1968 na 1973 kupisha kambi ya Wamarekani ya Diego Garcia, wakatupwa Mauritius na Shelisheli. Julai 1982, wiki chache baada ya vita ya Falkland kwisha, Uingereza ilisaini na Mauritius malipo ya pauni milioni 4 kwa watu hao. Kwa visiwa vya huku pauni milioni 4, kwa visiwa vya kule manowari, nyambizi za nyuklia na roho 255 za vijana wao. Weka hizo hesabu mbili kwenye meza moja uone.

Lakini mkuu, unafiki wa Mwingereza haumfanyi Galtieri kuwa mkombozi. Wale 1,800 walikuwa na babu zao wamezikwa pale, hawakutaka kutawaliwa na watu waliokuwa wakiwatupa raia wao wenyewe baharini kutoka kwenye ndege.

Tuendelee na vita, maana usiku unaingia.

Uingereza ilianza kutoa meli Portsmouth tarehe 5 Aprili, siku tatu tu baada ya uvamizi. Hazikutosha, ikakodi kwa nguvu za sheria meli za kiraia: za mafuta, za makasha, hata meli za watalii kama Canberra na Queen Elizabeth 2. Hapo mzee wangu aliweka redio chini akauliza, "Na mabaharia je, wameulizwa?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Meli ya mizigo Atlantic Conveyor ilipopigwa 25 Mei walikufa watu 12, nahodha wake Ian North akiwemo. Na ndani ya manowari zenyewe kulikuwa na wafua nguo Wachina kutoka Hong Kong, baadhi yao walikufa kwa vita ya visiwa ambavyo nadhani hawakuwahi kuvisikia.

Kituo chao cha katikati kilikuwa kisiwa cha Ascension, na kutoka hapo mpaka Falkland bado ni zaidi ya kilomita 6,000. Sikilizeni hii ya usiku wa kuamkia 1 Mei. Walitaka kupiga njia ya kurukia ndege ya Stanley kwa ndege moja tu ya Vulcan. Haifiki kwa mafuta yake. Basi likaondoka kundi la ndege za mafuta aina ya Victor, njiani zikawa zinapeana mafuta zenyewe kwa zenyewe, kila iliyogawa inageuka nyumbani, mpaka ikabaki ya mwisho ya kumjaza Vulcan. Saa kama 16 angani kwenda na kurudi. Mabomu 21. Likaipata njia bomu moja. Na ndege za mizigo za Ajentina ziliendelea kutua pale usiku mpaka mwisho wa vita! Huo ndio umbali, wakuu. Bomu moja hilo limekula mafuta ya kuendesha mabasi ya Tanga mwaka mzima, nakisia tu.

---

Kisiki cha Mpingo

Na ile meli iliyozamishwa wakati inakimbia? Belgrano?

---

Mzee wa Ramani

General Belgrano, 2 Mei. Meli yenyewe ilikuwa ya Wamarekani zamani, iliitwa Phoenix, ilinusurika Pearl Harbor 1941. Nyambizi ya nyuklia Conqueror ikaipiga kwa torpedo za mtindo wa vita vya pili. Wakafa 323, karibu nusu ya Waajentina wote 649 waliokufa kwenye vita nzima.

Ilikuwa nje ya eneo la maili 200 za baharini ambalo Uingereza ilitangaza, na ilikuwa imeelekea magharibi. Hadi leo watu wanagombana. Msimamo wangu: kisheria Uingereza ilikuwa imeshaonya tarehe 23 Aprili kwamba meli yoyote inayotishia, popote ilipo, itapigwa, na meli ya vita inaweza kugeuka muda wowote. Kibinadamu, ni mabaharia 323 kwenye maji ya barafu, na juhudi za amani za rais wa Peru zilikuwa zinaendelea saa hizohizo. Baada ya hapo meli kubwa za Ajentina, pamoja na ile ya kubeba ndege, zikarudi pwani zisitoke tena. Siku mbili baadaye Exocet moja ikaichoma manowari Sheffield, wakafa 20.

Kuanzia hapo vita ikabebwa na marubani wa Ajentina, na hawa lazima niwape heshima yao. Waingereza walipoteremka ghuba ya San Carlos 21 Mei, marubani wale walikuwa wakija wakikaribia kugusa mawimbi ili wakwepe rada, dakika chache tu za mafuta ya kupigania. Tatizo likawa hukohuko kuruka chini. Bomu lina kiwashio kinachohitaji sekunde kadhaa hewani ndipo liamke. Ukiliachia chini mno linaifikia meli bado limelala. Mabomu mengi yaliingia kwenye manowari yakatoboa chuma, yakakaa kimya. Kwenye manowari Antelope moja lililipuka baadaye, wataalamu wakiwa wanajaribu kulitegua. Fikiria kama nusu tu ya yaliyolala yangeamka. Uzi huu ungekuwa na kichwa kingine.

---

Mchambuzi Huru

Hapo nimekuelewa. Lakini nchi kavu Waajentina walikuwa wengi kuliko Waingereza, tena ndani ya mahandaki. Walikimbia?

---

Mzee wa Ramani

Swali zuri, na ndilo linalonirudisha kwenye haraka.

Wengi walikuwa vijana wa mujibu wa sheria, wa kuzaliwa 1962 na 1963, wengine na miezi michache tu ya mafunzo. Na walitoka wapi? Sehemu kubwa Corrientes na Chaco, kaskazini, nchi ya joto, karibu na Paraguay. Ni kama umchukue kijana wa Pangani umpeleke akakeshe kileleni Kilimanjaro na viatu vya kanisani. Udongo wa kule ni mboji iliyolowa, unachimba handaki kufika magotini maji yanajaa. Miguu inavimba, ngozi inaoza ndani ya soksi. Chakula kiko maghalani Stanley, hakifiki milimani. Kijana akienda kuiba kondoo kwa njaa, ofisa wake anamlaza chini, anamfunga mikono na miguu kwenye vigingi, anamwacha kwenye baridi. Hayo wameyasimulia wao wenyewe mahakamani kwao.

Sasa kwa nini wasipeleke askari wa kusini waliozoea barafu? Kwa sababu wengi waliwekwa mpakani kujilinda na Mchile. Ajentina na Chile nusura wapigane 1978 kwa ajili ya visiwa vingine vitatu, Picton, Lennox na Nueva, huko kwenye mlango wa Beagle. Yaani walikwenda kugombana na jirani wa mbali bado hawajamalizana na wa ukutani, na Mchile kweli akamsaidia Mwingereza kwa taarifa za siri.

Na ushahidi kwamba haikuwa woga huu hapa: kikosi cha tano cha wanamaji, chenye makao Río Grande, kusini kabisa, ndicho kilichokuwa mlima Tumbledown usiku wa 13 kuamkia 14 Juni. Hao walikuwa na nguo za baridi na mazoezi ya baridi, nao pia walikuwamo vijana wa mujibu. Waliwazuia Scots Guards, kikosi cha Uingereza, karibu usiku kucha.

Waingereza nao hawakutembea kwenye zulia. Atlantic Conveyor ilizama na helikopta zao, za Chinook ikabaki moja iliyokuwa angani. Ikabidi makomando watembee kisiwa kizima, kilomita 90 hivi kwa siku tatu, mgongoni mzigo wa kilo zaidi ya 35. Goose Green 28 Mei askari wa miavuli walimpoteza kamanda wao, Luteni Kanali H. Jones. Tarehe 8 Juni meli Sir Galahad ilishambuliwa askari wa Wales wakiwa bado ndani wakingoja kuteremshwa, mchana kweupe. Hizo ni aibu za Mwingereza, na kashazieleza mwenyewe.

14 Juni Jenerali Menéndez, kamanda wa Ajentina visiwani, akasaini kusalimu amri mbele ya Jenerali Moore wa Uingereza.

---

Winga wa Ilala

Wakuu mie nimekuja kwa mpira tu. Tarehe 13 Juni 1982, usiku uleule wa Tumbledown unakaribia, Ajentina bingwa mtetezi anafungua Kombe la Dunia Barcelona, anapigwa 1-0 na Ubelgiji. Maradona yumo. Kesho yake Stanley inaanguka. Na Osvaldo Ardiles alikuwa Tottenham! 3 Aprili, siku moja baada ya uvamizi, alicheza nusu fainali ya Kombe la FA dhidi ya Leicester huku anazomewa. Binamu yake rubani aliuawa 1 Mei. Halafu mnasema mpira na siasa vitengane.

---

Mzee wa Ramani

Winga, asante, hilo la Ardiles nilitaka kuliandika nikaona nitatoka nje ya barabara. Ya 1986 na mkono usiianzishe, hatutalala.

---

Dada wa Kampala

Na mwisho wao? Galtieri, Thatcher, wale wakazi?

---

Mzee wa Ramani

Galtieri aling'oka siku chache tu baada ya kushindwa, Desemba 1983 Raúl Alfonsín akaapishwa kwa kura za wananchi. Thatcher alishinda uchaguzi Juni 1983. Wakazi wakapewa uraia kamili, na 2013 walipiga kura ya maoni: waliotaka kubaki na Uingereza 1,513, waliokataa 3. Visiwa vidogo vile, nina hakika kila mtu ana orodha yake ya wale watatu.

Waajentina waliozikwa pale karibu na Darwin walizikwa upya 1983 na ofisa Mwingereza, Geoffrey Cardozo. Alimfunga kila mmoja kwenye mifuko kadhaa na kuandika alipomkuta, ingawa majina mengi hakuyajua. Makaburi 121 yalibaki na maandishi ya "Askari wa Ajentina anayejulikana na Mungu peke yake". Kuanzia 2017 Msalaba Mwekundu ulichukua vinasaba vya familia, na karibu wote sasa wana majina. Kuna akina mama waliokwenda kuweka maua kwenye kaburi sahihi kwa mara ya kwanza wakiwa na miaka themanini na kitu.

---

Kisiki cha Mpingo

Mkuu kuna mahali nilisikia Waafrika walikwenda kule, ni kweli au porojo?

---

Mzee wa Ramani

Kweli kabisa. Majeshi yaliacha maelfu ya mabomu ya ardhini kwenye fukwe na malisho. Pengwini walikuwa wanatembea juu yake bila shida, ni wepesi mno kuyalipua, wakazaana humo miaka na miaka kwa sababu binadamu haingii. Uteguaji ulianza 2009 na waliofanya kazi ile, kwa sehemu kubwa, ni Wazimbabwe, watu waliojifunza kwao baada ya vita yao wenyewe. Wanapiga magoti kwenye upepo ule, kisu na kigunduzi mkononi, sentimeta kwa sentimeta. Walimaliza Novemba 2020. Baadhi walileta familia, wamehamia moja kwa moja, watoto wanasoma Stanley.

Siku ya kumaliza walilipua bomu la mwisho, halafu wakazi wakaingia kwenye ufukwe uliokuwa na uzio tangu 1982. Kuna watu wa miaka 38 pale walikuwa hawajawahi kuukanyaga mchanga wa nyumbani kwao.

Ramani ya mzee ninayo mpaka leo. Nitaipiga picha kesho niiweke hapa, taa ya huku imekatika.